Ua la shangazi lililokuwa ua

WALIMU wa Kiswahili hupenda sana kuwahangaisha wanafunzi kwa neno "ua". Kuna ua la ngeli ya LI-YA, lile pambo la mmea, ambalo wingi wake ni maua. Kuna ua wa ngeli ya U-ZI, kile kizuizi cha miti au seng'enge kinachozunguka boma, ambao wingi wake ni nyua. Kisha kuna kitenzi kuua, ambacho hakihitaji kuelezwa. Mimi nilipokuwa darasa la sita nilichapwa viboko viwili vya mkononi kwa kuandika kwamba "maua za jirani zimevunjwa na ng'ombe". Zaidi ya miaka ishirini baadaye, katika mtaa mmoja ulio karibu na Ziwa Nakuru, nilisimama mbele ya mmea uliostahili maneno yote matatu kwa mpigo.

Mmea wenyewe unaufahamu vyema, mpenzi msomaji. Ni bogonvilia, ule mtambaazi wenye miiba unaoparamia kuta, malango na miti katika miji yetu, ukiwa umejitanda zambarau, nyekundu, waridi, rangi ya chungwa au nyeupe. Huenda upo hata kwenye lango la ploti unayoishi, na huenda umeshawahi kuulaani ulipokuchania shati jipya.

Safari yangu ilianza kwa simu ya usiku. "Mwanangu, Jumamosi uje na mkasi mkali. Tunakwenda Mwariki," shangazi yangu alisema, kisha akakata. Shangazi huwa hana salio la kupoteza kwa maelezo. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu baba, na katika ukoo wetu akishasema "uje" hakuna anayeuliza kwa nini.

Basi Jumamosi hiyo ya Februari nilidamka alfajiri nikapanda matatu ya Nakuru. Kutoka katikati ya Nairobi gari lilipita chini ya ile barabara ya juu kwa juu iliyojengwa kati ya 2020 na 2022. Wakazi wa zamani wa Nairobi watakumbuka jinsi Uhuru Highway ilivyokuwa ikiwaka bogonvilia kabla ya nguzo hizo za saruji. Peter Greensmith, aliyeshika usimamizi wa bustani za mji huo mwaka wa 1947, ndiye anayetajwa sana kwa kazi hiyo. Nguzo zina faida zake, sikatai. Ila hazichanui.

Mwendo hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Ukishafika ukingoni mwa Bonde la Ufa, Mlima Longonot ukajitokeza upande wa kushoto kama chungu kilichovunjika mdomo, hewa hubadilika na abiria hufungua vioo. Naivasha ndiko kwenye mawaridi yanayotuletea pesa za kigeni, lakini msafiri hayaoni. Yamefungiwa ndani ya nyumba za plastiki, na hukatwa yakiwa bado yamefumba ili yakachanulie Ulaya. Ua analoliona abiria bila malipo ni bogonvilia ya kituo cha petroli. Kikopey, kwenye harufu ya mbuzi wa kuchoma, dereva wetu alikataa katakata kusimama. Ziwa Elmenteita likapita likimetameta kwa magadi, Mbaruk ikapita, na kabla ya Lanet nikaanza kuona vitalu vya miche kando ya barabara: mistari ya vifuko vyeusi, na juu yake rangi tupu.

Wauzaji hao wa miche hawana amani siku hizi. Upanuzi wa barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025, na vitalu vingi vimepangwa kwenye ardhi ya akiba ya barabara. Lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Shangazi anaishi London. Usishtuke. Nakuru ina London yake, mtaa ulio kwenye mteremko wa Menengai, na wenyeji hawachoki kuutania. "Nipo London, nitakupigia nikishuka mjini," utamsikia kijana akimwambia mchumba wake, naye hasemi uongo. Kutoka mlangoni kwa shangazi unaiona Nakuru yote: paa za mabati, reli iliyofika hapa mwaka wa 1900 na kuuzaa mji, Kenyatta Avenue, na mbali kule chini, kioo cha ziwa. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Shangazi anasema tofauti pekee aliyoiona ni kwamba makondakta walianza kuita "Nakuru City".

Jina Nakuru husemekana kuwa limetokana na neno la Kimaasai la vumbi. Atakayebisha na aje Februari. Udongo wa huku ni jivu la volkano lililotapakaa bondeni tangu enzi Menengai na wenzake walipokuwa wakitapika moto. Ni mwepesi kama unga, maji hupenya kama kwenye chujio, na upepo wa mchana huunyanyua na kuupeleka machoni pa watu. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, jua ni kali na usiku ni wa baridi isiyofikia sakitu mara nyingi. Mimea mingi ya bustani hulalamika katika mazingira kama hayo. Bogonvilia hushangilia. Mizizi yake hupenda udongo unaokauka upesi, na kadiri kiu inavyoizidi ndivyo inavyochanua. Ukiidekeza kwa maji na mbolea nyingi ya samadi, itakupa majani ya kijani na miiba, maua utayasikia kwa jirani.

Na hapo inanibidi nifichue siri moja. Zile rangi unazozisifu si maua. Ni majani maalumu, matatu matatu, membamba kama karatasi ya shashi, yaliyoacha ukijani ili kuwavuta wadudu. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe au cha rangi ya maziwa kilichojificha katikati, kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Chuma tawi moja leo ukawaonyeshe watoto. Wangu hakuniamini hadi alipohesabu mwenyewe.

Tulikunywa chai ya rangi, shangazi akafunga leso kiunoni, tukateremka mjini kwa matatu na kushika nyingine ya Mwariki. Njiani ndipo aliponisimulia habari za ua wake, ambazo mimi nilikuwa nazijua vipande vipande tu.

Shangazi alitoka Kuresoi Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, akiwa na watoto watatu na godoro moja. Alikaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, ambako maelfu ya watu waliofurushwa makwao walikuwa wakilala kwenye mahema. Alipata zile shilingi 10,000 ambazo serikali iliwapa waathiriwa za kuanzia maisha, akaongeza za chama, baba yangu akaongeza za kuuza ng'ombe, na kufikia mwaka wa 2010 alikuwa na hatimiliki ya nusu ya hamsini kwa mia upande wa Mwariki. Nyumba ya mabati ya vyumba viwili ikasimama. Pesa za kuzungushia seng'enge hazikuwapo.

"Mtu aliyewahi kufukuzwa kwake halali vizuri bila ua," aliniambia huku akitazama nje ya dirisha. "Usiku nilikuwa nikisikia mbwa akipita napiga magoti chini ya kitanda."

Wakati huo alikuwa akifua nguo katika nyumba za Milimani, mtaa wa miti mikubwa na malango marefu uliojengewa maafisa wa zamani. Siku moja alimkuta mzee wa bustani akipogoa bogonvilia na kutupa matawi barabarani. Aliomba mzigo, akafunga kwa kamba, akaubeba kichwani hadi Mwariki, miiba ikimchoma shingo. Alichomeka vipande arubaini mbele na ubavuni mwa nyumba. Vilishika kumi na tisa. Katika mwaka wa tatu hapakuwa na mbuzi, mbwa wala mwizi aliyethubutu kupita, na kila Januari ukuta mzima uligeuka zambarau hivi kwamba watu wa harusi walikuja kupigia picha hapo. Shangazi aliwatoza shilingi hamsini. Ua likawa ua.

Nadhani wasomaji wengi hawajui kwamba bogonvilia nyingi za bustani hazizai mbegu. Zimechanganywa chanikiwiti na watunza bustani wa karne iliyopita hadi zikawa tasa. Njia yao ya kuongezeka ni moja tu, kukatwa tawi na kuchomekwa kwingine. Kwa hivyo kile kilichoota Mwariki hakikuwa mtoto wa mmea wa Milimani. Kilikuwa mmea ule ule, umesimama mahali pawili.

Tangu mwanzo mmea huu umesafiri kwa njia hiyo ya kukatwa na kubebwa, na kuna uwezekano kwamba mkono wa kwanza uliojulikana kuubeba kwenda ng'ambo ulikuwa wa mwanamke. Mwaka wa 1767 merikebu za Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, aliyekuwa akiizunguka dunia, zilitia nanga Rio de Janeiro nchini Brazili. Mtaalamu wake wa mimea, Philibert Commerson, alikuwa na donda la mguu lililomzuia kutembea vizuri. Msaidizi wake, kijana mmoja mwenye nguvu, ndiye aliyekuwa akibeba mizigo na kupanda vilima. Kijana huyo kwa kweli alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyejifunga vitambaa kifuani na kuvaa suruali kwa sababu jeshi la majini la Ufaransa lilikataza wanawake merikebuni. Wapo wanahistoria wanaoamini kuwa yeye ndiye aliyelikata tawi lile. Commerson aliupa mmea jina la nahodha wake, na jina likachapishwa mwaka wa 1789. Jeanne Baret anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia, lakini ilimbidi asubiri hadi mwaka wa 2012 ndipo mmea ukapewa jina lake, jamii moja ya mtunguja wa milima ya Amerika Kusini. Nilipomsimulia shangazi haya ndani ya matatu alicheka hadi kondakta akageuka. "Kwa hivyo nahodha alipewa ua kwa kukaa kwenye kiti!"

Tulishuka mwisho wa lami tukatembea. Nilikuwa sijafika huko tangu 2016, nami nilikuwa nikitafuta ile zambarau kama nilivyozoea. Niliona maji.

Maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kufura kuanzia 2010. Ripoti ya serikali iliyotolewa 2021 iliorodhesha sababu kadhaa: mvua iliyozidi, misitu na nyasi za milimani zilizofyekwa hivi kwamba maji hayanyonywi tena, matope yanayojaza vitako vya maziwa, na nyufa za ardhi hii ya volkano ambayo bado inajinyoosha. Ziwa Nakuru lililokuwa na eneo la kilomita mraba 40 hivi lilikaribia 70 katika muda wa miaka kumi. Lango kuu la mbuga ya wanyama na ofisi zake zilimezwa, zikajengwa kwingine. Heroe, wale ndege wa waridi walioupa mji sifa duniani, wengi wao walihamia Bogoria, kwani maji yalipozimuliwa chakula chao kilipungua. Kule Naivasha, wakazi wa Kihoto walihama 2020 na wakahama tena 2025. Na hapa Mwariki, mwaka wa 2020, ziwa liliingia nyumbani kwa shangazi bila kubisha.

Lakini si ziwa lililotangulia kubisha. "Ni ua," shangazi alisema.

Mnamo 2019, majani ya bogonvilia yalianza kunyong'onyea. Yalikunjamana, yakawa manjano, yakapukutika. Shangazi alidhani ni kiu. Kila jioni alimimina madebe mawili, kisha manne. Kadiri alivyomimina ndivyo ulivyozidi kufa. Mzizi uliokaa ndani ya maji hukosa hewa ukaoza, na mzizi uliooza hauwezi kuyanywa maji hata yakiwa tele, ndiyo maana mmea uliozama hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu. Chini ya ardhi maji yalikuwa tayari yamepanda, tena maji yenye chumvi ya magadi. Mwaka mzima kabla ya ziwa kuonekana kwa macho, bogonvilia ilikuwa ikipiga kelele, na shangazi akawa anaimiminia sumu kwa upendo.

"Nilikuwa nikiiua," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya sukari.

Nilimwambia kwamba ingekufa tu. Hakujibu. Alikuwa ameshavua viatu na kuingia majini hadi magotini, mkasi mkononi, akielekea pale palipokuwa lango. Vile visiki kumi na tisa bado vilikuwa vimesimama mstari mmoja, vyeusi, miiba yote ikiwapo. Alikwaruza gome la kila kimoja kwa ncha ya mkasi. Ukikwaruza tawi lililo hai utaona ukijani chini ya gome. Alikwaruza vyote kumi na tisa. Mimi nilisimama ukavuni na kipochi chake, nikitazama paa la nyumba, ambalo tayari mtu alikuwa amebandua mabati.

Alipotoka aliosha miguu kwa maji ya chupa. "Hatimiliki ninayo," alisema. "Nina shamba la samaki." Akacheka peke yake.

Mimi nilidhani safari imeisha. Kumbe alikuwa na mpango wa pili. Tulirudi mjini, tukapanda Milimani kwa miguu, na mbele ya lango moja la kijani akaita. Alitoka mzee mwenye kofia ya sufi, mgongo umepinda, akakaza macho.

"Mama! Umepotea sana," alisema.

"Nimefukuzwa na ziwa, mzee."

"Pole, mama. Pole sana. Nasi hapa tunafukuzwa na mawe." Akatuonyesha. Nusu ya bogonvilia ilikuwa imeng'olewa na mahali pake umejengwa ukuta wa mawe wenye waya wa umeme juu. Mwenye nyumba ameuza, na fleti zinakuja. Nusu iliyobaki ilikuwa imechanua kwa namna ambayo sijui niielezeje, zambarau juu ya zambarau, nyuki wakivuma kama jenereta. "Kata utakavyo," mzee alisema. "Kabla ya mwezi kuisha itakuwa kuni."

Shangazi alichagua kama anayenunua vitenge. Hakugusa matawi mabichi ya juu yenye maua, wala magogo makuukuu ya chini. Alitafuta yale ya katikati, yaliyoanza kukomaa, unene wa penseli. Mzee akatoa somo ambalo nalitoa hapa bure kwa yeyote mwenye lango tupu. Kata kipande cha urefu wa shibiri moja, chini ya kifundo. Toa majani karibu yote. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, ndani ya mkebe uliotobolewa chini, na uweke penye kivuli chepesi. Nyunyiza, usifurikishe. Vumilia miezi miwili au mitatu, na usikivute kuangalia kama kimeota, kosa ambalo mzee alisema limeua bogonvilia nyingi kuliko mbuzi. Unapokihamisha usitikise udongo, kwa sababu mizizi yake hukatika kama uzi. Kisha kipe jua la kutosha, pogoa baada ya kila msimu wa maua, na ukipungukiwa na ardhi kiache kwenye chungu. Mizizi ikibanwa huchanua hata zaidi.

Wenye kuishi Molo na sehemu nyingine za juu zinazopigwa na sakitu wasijisumbue sana. Shangazi aliwahi kujaribu akiwa Kuresoi.

Tulikata vipande ishirini na vinne. Mzee alikataa pesa, akakubali sukari. Kurudi London shangazi alivibeba kichwani, kama mara ya kwanza, nami nilipotaka kumsaidia aliniuliza kama nadhani shingo yake imezeeka.

Nilimtembelea tena wiki mbili zilizopita. Vimeshika saba. Vipo kwenye mikebe mitupu ya rangi ya nyumba, vimepangwa barazani, na kimoja tayari kina majani matatu ya zambarau yasiyozidi ukucha. Nilitazama kile kipande cha ardhi kilicho wazi kati ya baraza na njia, udongo mwepesi, mteremko mzuri, jua la kutwa. Nikamwuliza kwa nini asivipande hapo.

"Ardhi ya nani?" aliniuliza. Nyumba ni ya kupanga.

Mkebe mmoja alinipa nije nao Nairobi. Uko kwenye roshani yetu ghorofa ya tatu, na jirani wa chini ameshalalamika mara mbili kwamba unamdondoshea maji kwenye nguo.